Angetii, Angekuwa Hai

Kuna sentensi moja ambayo sisi Wakongo wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, tumekuwa tukiisema kwa namna nyingi tangu Aprili 2022. Kwa Kiswahili sanifu ni hii: angetii, angekuwa hai. Nimeisikia kanisani baada ya ibada, watu wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Nimeisikia kwa wanaofanya zamu ya usiku viwandani. Nimeisoma kwenye vikundi vya WhatsApp, ikifuatwa na ile alama ya viganja viwili vinavyosali. Papa mmoja ninayemheshimu sana, mtu aliyewavusha watoto wake Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi wa kuazima, aliisema kwa Kiswahili chetu cha Uvira: "Angesikia tu polisi, angekuwa muzima."

Anayesemwa ni Patrick Lyoya. Alikuwa na miaka 26, mzaliwa wa Kongo, kifungua mimba katika watoto sita, naye mwenyewe baba wa mabinti wawili wadogo. Familia yao ilifika Marekani 2014 kama wakimbizi. Asubuhi ya Jumatatu, Aprili 4, 2022, polisi mmoja mzungu alimsimamisha katika mtaa wa makazi kusini-mashariki mwa mji kwa sababu namba zilizofungwa kwenye gari hazikuwa za gari lile. Patrick alishuka. Polisi akamwambia arudi ndani, akamdai leseni, akamwuliza kama anajua Kiingereza. Alijibu kwamba anajua. Muda si muda akawa anaondoka, polisi akamshika, akakimbia, wakaangushana kwenye nyasi za mbele ya nyumba za watu. Polisi akafyatua teza, ile bastola ya umeme, isimpate, wakaanza kuigombania. Mwisho Patrick alikuwa kifudifudi, polisi juu ya mgongo wake, na polisi akampiga risasi ya kisogoni. Abiria aliyekuwa naye garini alisimama pembeni akirekodi kwa simu. Tangu gari lisimame mpaka risasi ilie hazikupita dakika 5.

Niongeze na yale ambayo huongezwa kila mara habari hii inaposimuliwa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba kiasi cha pombe katika damu yake kilikuwa zaidi ya mara tatu ya kile ambacho sheria inamruhusu dereva kuwa nacho. Na polisi yule, alipopata nafasi ya kujieleza mahakamani, alisema teza ilikuwa imeingia mikononi mwa Patrick na kwamba aliogopea maisha yake. Siyafichi haya. Hoja ninayotaka kuijenga haihitaji marehemu awe malaika, na hoja inayomfaa malaika peke yake haina kazi hapa duniani.

Basi turudi kwenye sentensi. Je, ni kweli? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Angebaki garini, akatoa leseni, akanyamaza, kuna uwezekano mkubwa kwamba leo angekuwa analipa faini, au angelala siku kadhaa rumande, halafu angerudi kwa watoto wake. Sina haja ya kulibishia hilo. Ninachokiona ni kwamba sentensi hii ina pacha wake, na pacha huyo hajawahi kutajwa katika ule ukumbi wa chai: asingepigwa risasi, angekuwa hai. Nayo ni kweli. Tena ni kweli zaidi, maana ile ya kwanza inapitia vichochoro vingi kabla ya kufika kifoni, na hii ya pili imekiegemea kifo chenyewe. Watu wengi hukimbia polisi kila siku, katika miji mingi, wakakamatwa mtaa wa pili wakihema. Aliyepigwa risasi ya kisogoni huwa amefika mwisho.

Kwa hiyo mbele yetu kuna ukweli mbili, na kinywa kinachagua mmoja. Ningependa kujua kinachaguaje.

Kazi yangu ni ukalimani. Ninawatafsiria watu wa kwetu kwa madaktari, kwa walimu wa watoto wao, mara nyingine kwa simu nikiwa jikoni kwangu. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikiokota redioni na kwa majirani Waha wa Kasulu, miaka tuliyoishi kambi ya Nyarugusu. Kazi ya namna hii humfanya mtu awe na kichaa kidogo cha vitenzi. Husikii tu alichosema mtu, unasikia amemweka nani mbele ya kitenzi na nani nyuma. Ndiyo maana ile methali ambayo wazee huifunga nayo hoja yao imekuwa ikinikereketa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Tazama kitenzi. Huvunjika. Haikusemwa huvunjwa. Mwanafunzi yeyote aliyefundishwa kauli za vitenzi anaijua tofauti: kikombe kimevunjwa kina mvunjaji, hata kama hatumtaji, kikombe kimevunjika kimejivunjikia tu, mezani, peke yake, na watoto wote chumbani wanaangalia dari. Guu la asiyesikia huvunjika. Hakuna aliyelivunja. Mkuu alitoa neno lake, guu likapasuka, na kati ya neno na guu hakuna mkono wa mtu. Na bado methali, pamoja na ukali wake, ina kipimo: inasema guu. Haikusema kisogo. Wahenga waliotuachia onyo hilo walikuwa wanamfikiria mtoto aliyepanda mti aliokatazwa, akaanguka, akarudi nyumbani akichechemea na kusemwa na shangazi zake mwezi mzima. Alirudi nyumbani. Onyo lina maana kwa sababu aliyeonywa anabaki, anachechemea, anajifunza. Kuichukua methali ya mtoto aliyebaki na kuisoma juu ya jeneza ni kuipa kazi isiyo yake.

Kiingereza cha mji huu nacho kina ujanja wake. Magazeti na ofisi za serikali za Marekani wana msemo wa kueleza tukio kama hili ambao, ukiutafsiri wazi, unasema kulikuwa na "upigaji risasi uliomhusisha afisa." Nimewahi kuujaribu kwa Kiswahili, nikashindwa kuutamka bila aibu. Upigaji ulikuwepo, kama mvua. Afisa alihusishwa, kama mtu aliyepita njiani mvua ikanyesha. Lugha mbili zilizokua mbali, moja katika vijiji vya pwani na nyingine katika ofisi zenye kiyoyozi, na zote zina sarufi iliyo tayari kumwondoa mtu mwenye bunduki katika sentensi.

Lakini sitaki kuishia kwenye sarufi, kwa sababu wazee wetu si wajinga wa lugha wala si watu wakatili. Papa yule aliyevuka ziwa aliangua kilio alipoiona video. Polisi waliitoa Aprili 13, siku tisa baada ya kifo, na kesho yake wazazi wa Patrick waliketi mbele ya waandishi wa habari katika kanisa moja la Wamarekani weusi, wakazungumza Kiswahili, mkalimani akiwa kando yao. Mama alieleza kwamba alikuwa amekimbia vita akidhani amefika mahali salama, na kwamba anashangaa kuona hapa ndipo mwanawe alipouawa. Papa aliitazama hotuba hiyo mara nyingi kuliko mimi. Halafu akasema ile sentensi.

Nadhani ninaelewa. Wazee husema angetii kwa sababu huyo ndiye wanayeweza kusema naye. Polisi hawaji kunywa chai na sisi. Mwendesha mashtaka haulizi shauri la mzee wa Uvira. Meya hatuelewi tukisema. Anayetusikia ni kijana aliyekaa pale kwenye kiti cha plastiki na funguo za gari mfukoni, na mzee anajua fika kwamba kijana huyo atatoka hapa kwenda kuendesha gari usiku. Ana dakika mbili za kumwokoa. Hawezi kuibadilisha risasi. Anaweza labda kuibadilisha mikono ya kijana. Kwa hiyo anayachukua makosa yote ya tukio lile na kuyaweka upande ule wa sentensi ambao mkono wake unafika. Ni upendo. Ni upendo wa mtu asiye na nguvu, ambao daima humkemea anayependwa kwa kuwa hauna wa kumkemea mwingine.

Kama ingeishia hapo nisingeandika chochote. Shida ni kwamba maneno hayo hayo, yakisemwa kabla, ni tahadhari. Yakisemwa baada, ni hukumu. "Tii" aliyoambiwa aliye hai inaweza kumfaa. "Angetii" aliyosemewa maiti haimfai kwa lolote, na kazi pekee inayobaki kwake ni kuamua nani alikosa. Nasi tunavuka mpaka huo bila kujua, kwa sababu maneno yanafanana, na sauti ni ile ile ya kizee, ya huruma.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba huko tulikotoka tulijua kuutunza mpaka huo.

Mtu aliyewahi kusafiri barabara ya Uvira kwenda Bukavu katika miaka ile anazijua bariere. Kamba imevutwa barabarani, wanajeshi wawili au watatu wamekaa kivulini, mmoja ananyanyuka. Hakuna aliyebishana. Baba yangu alikuwa anashuka garini, maana kwetu dereva kushuka na kumfuata askari ndiyo adabu. Kubaki umekaa humo ndani ni dharau. Alivua kofia. Alisema "shefu" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alitoa pesa ya sigara. Alicheka vichekesho visivyochekesha. Sisi watoto tuliambiwa tutazame magoti yetu. Ulikuwa utii kamili, hakuna polisi wa Michigan angeulalamikia.

Halafu gari likiisha kukata kona, kamba haionekani tena, baba alikuwa anasema: mwizi yule. Neno moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Na mama alikuwa anaitikia: wezi wote. Hapo ndipo tulipokuwa tunafundishwa maadili, sisi watoto wa kiti cha nyuma. Haikuwa kwenye bariere, ilikuwa baada ya kona. Tulijifunza kwamba mikono inaweza kutoa pesa na ulimi ukabaki huru. Siku mtu aliposhindwa kupita, siku dereva mmoja tuliyemjua alipigwa risasi kwa sababu alichelewa kusimama, hakuna aliyesema kwenye matanga kwamba angesimama mapema. Wote walijua angesimama mapema angepona. Hawakulisema, kwa sababu kwenye matanga lile lingekuwa neno la mwanajeshi.

Sasa watu wale wale, wamevuka ziwa, wamekaa kambini miaka, wamepanda ndege, wamefika Grand Rapids, na hawana tena neno la baada ya kona. Wanatii kwenye bariere na wanaendelea kutii sebuleni kwao.

Nimejiuliza limepotelea wapi, na jibu ninalolipata si zuri: nadhani limelipa deni. Mkimbizi hupokelewa na watu wema, na mji huu una wema mwingi wa kweli. Ni mji wa Waholanzi wa dini ya Kalvini, wa viwanda vya samani, wa watu wanaokuletea keki ya tufaha siku ya pili baada ya kuhamia. Kuna watu walikuja uwanja wa ndege na makoti ya kutuvika. Mama yangu bado ana koti lake. Kwa hiyo shukrani tuliyonayo si ya kuigiza. Lakini wanaokupa koti na anayekusimamisha barabarani wanaishi katika mji mmoja, wanavaa bendera moja, na moyo wenye shukrani huona ugumu kuwatenganisha. Unahisi kwamba ukisema "yule amekosa" umemwambia mama wa keki kwamba keki yake ilikuwa mbaya. Mwanajeshi wa bariere hakuwahi kutupa koti. Ilikuwa rahisi kumwita mwizi.

Kwa hiyo vijana walipotoka kuandamana, wazee wengi walikuwa na swali la kweli kabisa: mgeni ana haki gani ya kupiga kelele katika nyumba ya mwenyeji wake? Wengine waliogopea karatasi zao za ukazi, na woga huo hauna kejeli ndani yake. Ila kwa swali la mgeni, Kiswahili kina jibu la zamani. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulishapewa. Tunafungasha nyama, tunashona viti vya magari, tunawageuza wagonjwa vitandani saa tisa za usiku, tunakatwa kodi inayolipa mshahara wa polisi na risasi zake. Aliyeshika jembe si mgeni tena, na mwenye shamba hawezi kumwambia asiulize mavuno yanakwenda wapi.

Lipo pia suala la vurugu, na wazee hulirudia: si mliona walivyofanya 2020? Tuliona. Mei 30, 2020, siku chache baada ya George Floyd kuuawa kule Minneapolis, maandamano ya katikati ya mji yalianza kwa amani na usiku yakaishia kwa madirisha kuvunjwa na magari ya polisi kuchomwa. Kesho yake amri ya kutotoka nje ikatangazwa na askari wa akiba wa jimbo wakaja. Wenye maduka walioumia hawakuwa wamemwua mtu, na sidhani kwamba kilio cha haki kinampa mtu ruhusa ya kumvunjia fundi viatu kioo chake. Nasema hivyo bila kusitasita. Lakini nakumbuka asubuhi ile pia. Watu walikuja kwa wingi na mifagio, bila kuitwa, wazungu na weusi, familia nzima, wakazoa vioo. Kufika mchana ungepita pale ukadhani palikuwa na harusi. Nilifurahi kuishi katika mji unaojua kufagia namna hiyo. Na miaka iliyofuata nimekuwa nikishangaa jinsi mji unaoweza kuponya kioo kwa asubuhi moja unavyohitaji miaka mitatu kuamua kama kisogo cha mtu kilipigwa kwa haki, na mwisho usiamue.

Maandamano ya 2022 hayakuvunja vioo. Watu walitembea hadi mbele ya jengo la polisi, walijaa katika vikao vya baraza la mji, walilia, walipaza sauti. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi ambao hawajawahi kufika Kongo na ambao, tuseme ukweli, baadhi yetu tumekuwa tukiwasema vibaya miaka yote: wavivu, hawasomi, hawaheshimu wazazi, sisi si kama wao. Walikuja. Mazishi yalifanyika katika kanisa lao, Aprili 22, na mchungaji Al Sharpton akatoa hotuba. Hawakuuliza kwanza kama marehemu aliwahi kuwaita wavivu. Wao wanaijua njia hiyo. Mji huu uliwahi kuwaka Julai 1967, wiki ile ile ya Detroit, na mwanahistoria Todd Robinson ameandika kitabu kizima, A City Within a City, kuhusu jinsi Grand Rapids ilivyoweza kuwaweka weusi pembeni kwa upole, kwa kamati na kwa taratibu, pasipo makelele ya kusini. Katikati ya mji kuna uwanja unaoitwa Rosa Parks Circle, kazi ya Maya Lin, ambao majira ya baridi hugeuzwa kuwa barafu ya watoto kuteleza. Ni mahali pazuri. Ni mfano mzuri pia wa kile Robinson anachokieleza: jina la mwanamke aliyekataa kutii, limewekwa chini ya viatu vya watu wanaoburudika, na hakuna anayeona ajabu.

Yeye hakutii. Tunalisahau hilo tunapowafundisha watoto Februari kuhusu yule mama mpole wa basi. Sheria ilimwambia ainuke, dereva akamwambia ainuke, polisi wakamwambia wana haki ya kumkamata. Angetii, asingekamatwa. Kuna mtu yeyote kanisani kwetu angethubutu kulisema hilo kama hukumu?

Najua Patrick Lyoya hakuwa Rosa Parks. Hakuwa akipinga sheria. Alikuwa amelewa, ameogopa, labda vyote viwili, na siwezi kuingia kichwani mwake. Hoja yangu ni nyembamba zaidi. Kutotii ni jambo moja, na bei ya kutotii ni jambo lingine, na anayepanga bei si yule asiyetii. Bei za mji huu zilijulikana. Utafiti ulioagizwa na mji wenyewe na kutolewa 2017 ulionyesha kwamba dereva mweusi alikuwa na uwezekano mara mbili zaidi wa kusimamishwa kuliko dereva asiye mweusi. Desemba ya mwaka huo huo polisi walimfunga pingu msichana mweusi wa miaka 11, aliyekuwa akitoka nyumbani kwao, katika msako wa mwanamke mzungu wa makamo. Msichana alitii kila neno. Alirudi nyuma huku mikono iko juu, kama alivyoamriwa, akilia. Wanaodhani kwamba utii ni ngao wangemtazama mtoto yule.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi wetu vijana tumeipitia kuwashawishi wazee, nayo ni ya woga: ingeweza kuwa sisi. Tunataja majina. Amadou Diallo wa Guinea, New York, 1999, risasi 41 zilizofyatuliwa. Alfred Olango, mkimbizi wa Uganda, El Cajon, California, 2016. Tunasema, mnaona, lafudhi haizuii risasi. Ni kweli, na inafanya kazi. Mzee akisikia Uganda anakaa wima. Ila siipendi hoja hiyo. Inamfundisha kwamba kifo kinakuwa dhuluma pale kinapoweza kumfikia yeye. Kwa hoja hiyo, kama kesho polisi wote wangepewa chombo cha kutambua lafudhi na kutuacha sisi Wakongo tupite, tungekuwa tumemaliza kazi. Dhuluma ya asubuhi ile ilikuwa dhuluma hata kama marehemu angekuwa mtu wa kabila nisilolijua, mwenye dini nisiyoipenda.

Mdogo wangu amepata leseni mwaka jana. Nilimfundisha mwenyewe kuegesha, na nikamfundisha hayo mengine. Ukisimamishwa, zima muziki. Mikono yote miwili juu ya usukani, vidole viwe wazi. Usishuke, hata kama baba angeshuka. Usichomoe kitu mfukoni kabla hujasema unachochomoa. Sema "sir." Nilimfanyisha mazoezi barazani kwenye gari lililozimwa, mimi nikiwa polisi, mpaka akachoka akacheka, nikamwambia tena. Sikuona haya kumfundisha. Ningemfundisha vivyo hivyo namna ya kupita bariere.

Halafu tukaendesha hadi mwisho wa mtaa, tukakata kona, nikamfundisha somo la pili, ambalo lilikuwa fupi. Nilimwambia kwamba yote niliyokuonyesha ni ya mikono. Siku yakimkuta mwenzako aliyesahau, aliyelewa, aliyeogopa akakimbia, usije ukasimama mbele ya mama yake na orodha hii. Akaniuliza, "Kaka, kwani nani amesema hivyo?" Nikamtajia. Akanyamaza, maana ni watu tunaokula kwao Jumapili.

Juni 2022 mwendesha mashtaka alimfungulia polisi yule kesi ya mauaji ya daraja la pili, naye akafukuzwa kazi. Rufaa zikala miaka. Kesi ikasikilizwa majira ya kuchipua ya 2025, na Mei 8 jopo la raia 12 likashindwa kukubaliana. Wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka akasema hataianza upya. Jioni ile ya Mei 8 simu yangu haikupumzika. Kila mtu alitaka kujua neno lile la Kiingereza lililokuwa linapita chini ya skrini lina maana gani. Nilijaribu "kesi imevunjika," nikakisikia kile kitenzi tena, nikakiacha. Mama mmoja jirani, mtu wa Fizi, alinishika mkono mlangoni.

"Mwanangu, wamesema ana kosa?"

"Hapana, mama."

"Basi wamesema hana kosa?"

"Hapana, hawakusema hivyo pia."

"Sasa wamesema nini?"

Nikamweleza kwamba watu 12 walifungiwa chumbani siku kadhaa, wakaangalia video ile tena na tena, kila mmoja akaulizwa kama mtu aliyekuwa juu ya mgongo wa mwingine alikuwa na haki ya kumpiga risasi, na hawakuweza kuwa na jibu moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Akataka kujua kama katika wale 12 kulikuwa na yeyote anayesema Kiswahili.